Jihoji Leo, Kesho Utahojiwa!

Unajua.

Unajua kwamba kofi lililomwangukia mtoto wako jana jioni halikuwa lake. Lilikuwa la bosi wako; ulishindwa kulirudisha kazini, ukalileta nyumbani. Unajua kwamba simu uliyoikopea fedha haikukupa heshima uliyoitafuta. Unajua kwamba ukibaki peke yako usiku, roho inakusuta kwa makofi uliyompigia mkubwa usiyemwamini.

Unajua yote haya, na bado unasema kesho!

Mpaka lini? Utaitii hasira usiyojua chimbuko lake, utaifuata hamu uliyopandikizwa, utaisujudia nguvu inayokukanyaga, mpaka lini?

Nakuandikia leo kwa sababu nyenzo za kujikomboa zipo, na zimekuwepo kwa takriban miaka mia moja. Moja ni uchanganuzi nafsi: elimu ya kuyatazama yale ambayo mtu huyaficha hata kwake mwenyewe. Nyingine ni nadharia hakiki: elimu ya kuuliza jamii hii imejengwa kwa faida ya nani, na kwa nini walioumizwa nayo ndio wanaoilinda.

Ya kwanza hukuhoji wewe. Ya pili huuhoji ulimwengu uliokulea. Zikitengana, zote mbili hulemaa. Zikishikana, hakuna bwana anayezipenda!

Sikiliza yaliyotokea Ujerumani.

Mwaka 1923 ilianzishwa mjini Frankfurt Taasisi ya Utafiti wa Jamii. Wasomi wake walikuwa wamefundwa na maandiko ya Karl Marx. Walijua nani anamiliki kiwanda, nani anamiliki benki, nani anamiliki shamba. Lakini swali moja liliwanyima usingizi: kwa nini maskini anampenda anayemkanyaga? Kwa nini anampigia kura, anamwimbia, anamfia?

Marx peke yake hakuwatosha. Wakageukia Vienna, kwa daktari Sigmund Freud. Tangu kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu tafsiri ya ndoto, Freud alikuwa akifundisha kwamba sehemu kubwa ya nafsi imefichika, na kwamba tunachokisukuma chini hakifi. Kinarudi kwa mlango mwingine: kinarudi kama ndoto, kinarudi kama ugonjwa, kinarudi kama chuki!

Mwaka 1929 taasisi ya uchanganuzi nafsi ikafunguliwa Frankfurt, ndani ya jengo lile lile la Taasisi ya Utafiti wa Jamii. Elimu ya nafsi na elimu ya jamii zikakaa chini ya paa moja.

Mwaka huo huo Erich Fromm, kijana wa miaka 29, akaanza kuwahoji wafanyakazi wa Ujerumani. Ziligawiwa hojaji 3,300, kila moja ikiwa na maswali 271.

Yatazame maswali yale! Hayakuishia kwenye chama unachokipigia kura. Yaliuliza: mtoto anaweza kulelewa bila kuchapwa? Yaliuliza: ni sawa mwanamke apake poda na rangi ya mdomo? Yaliuliza: nani aliyesababisha mfumuko wa bei? Maana mdomo umeshakariri jibu la chama. Lakini ukiguswa habari ya fimbo, habari ya mwanamke, habari ya nani wa kulaumiwa, moyo hujibu kabla mdomo haujajipanga.

Hadi mwisho wa 1931 hojaji kama 1,100 zilikuwa zimerudi. Zikafichua jambo la kutisha. Baadhi ya waliobeba bendera ya usawa barabarani walitawala kwa fimbo nyumbani. Baadhi ya waliovipigia kura vyama vya uhuru walikuwa, ndani kabisa, wakimngoja mwenye mkono wa chuma. Wale ambao mdomo na moyo wao vilisema neno moja walikuwa wachache mno!

Hesabu sasa miaka. Mwaka 1928 Wanazi walipata chini ya kura 3 katika kila 100. Septemba 1930 walipata zaidi ya 18. Julai 1932 walipata zaidi ya 37. Tarehe 30 Januari 1933 Adolf Hitler akawa mkuu wa serikali.

Mei Mosi ya mwaka huo vyama vya wafanyakazi viliwahimiza wanachama wao waandamane kwenye sherehe ya serikali mpya. Kesho yake, Mei 2, ofisi zao zilivamiwa, viongozi wakakamatwa, mali ikanyang'anywa. Mgomo mkuu haukuitishwa. Usiku mmoja tu kati ya sherehe na pingu!

Na ripoti ya Fromm ilikuwa wapi? Haikuchapishwa. Watafiti walikwenda uhamishoni, wakatofautiana, karatasi nyingi zikapotea, zikabaki hojaji 584. Kitabu kilitoka mwaka 1980, mwaka ule ule aliofariki Fromm. Takriban miaka hamsini ukweli ulikaa karatasini!

Sisemi kitabu kimoja kingemzuia Hitler. Nasema hivi: dalili zilikuwepo, zilipimwa, zilijulikana. Mficha maradhi kifo humuumbua, na taifa nalo huumbuliwa vivyo hivyo.

Sasa geuza uso utazame upande wa pili wa bahari, mwaka ule ule, 1929.

Ni Jumapili ya Pasaka, tarehe 31 Machi, New York. Katika gwaride la barabara ya Fifth Avenue wasichana wanatembea wamevaa vizuri, wanatoa sigara, wanawasha mbele ya watu. Enzi hizo mwanamke kuvuta sigara hadharani ni aibu. Wapiga picha wapo. Magazeti yanaandika. Sigara zile zinaitwa mienge ya uhuru.

Nani aliyepanga? Edward Bernays. Na Bernays ni nani? Mama yake ni dada wa Freud, na baba yake ni kaka wa mke wa Freud! Alikuwa amelipwa na kampuni ya American Tobacco, wenye sigara za Lucky Strike. Kabla ya kupanga gwaride alikwenda kumwona mchanganuzi nafsi, A. A. Brill, akamuuliza sigara ina maana gani moyoni mwa mwanamke. Akalipata jibu. Akaliuza.

Elewa alichokifanya, maana ndicho unachofanyiwa leo! Bernays hakuumba kiu kutoka hewani. Kiu ilikuwepo, na ilikuwa ya haki: wanawake walitaka usawa, walitaka sauti, walitaka nafasi barabarani kama wanaume. Akaichukua kiu ile ya haki, akaijibu kwa moshi.

Hiyo ndiyo siri yao yote. Wanaitafuta kiu yako ya kweli. Wanakupa kitu cha uongo. Wanakutoza fedha!

Nawe unayo kiu ya kweli. Una kiu ya heshima. Wanakuuzia gari la mkopo na harusi ya michango inayokuacha na madeni. Una kiu ya kutoka katika umaskini. Wanakuuzia mkeka wa kubeti, na ukichanika wanakuletea mikopo ya kausha damu. Una kiu ya kupendwa kama ulivyo. Wanakuuzia mkorogo uichubue ngozi uliyozaliwa nayo!

Herbert Marcuse, mmoja wa watu wa Frankfurt, aliandika mwaka 1964 kwamba jamii ya viwanda hutengeneza mahitaji ya uongo kama inavyotengeneza bidhaa, na kwamba mtu akishayapenda mahitaji hayo hahitaji tena mlinzi wa gereza. Anajifungia mwenyewe. Anazishika funguo mwenyewe. Anamtukana anayekuja kumfungulia!

Na unapochoka, unapumzika wapi? Max Horkheimer na Theodor Adorno, wakiwa uhamishoni California, waliandika kuhusu kiwanda cha utamaduni katika kitabu kilichotolewa Amsterdam mwaka 1947. Waliiona burudani ikitoka mashineni kama soksi na sabuni, ikimpumzisha mfanyakazi kiasi cha kutosha arudi kazini kesho, isimpe nafasi ya kuuliza kwa nini amechoka hivyo. Wakati huo ilikuwa sinema na redio. Leo kiwanda kile kinakaa mfukoni mwako. Unakifungua kabla ya kunawa uso. Unalala nacho. Na kila unapokigusa, kuna mtu anayehesabu umegusa nini, umekaa hapo muda gani, na kesho uoneshwe nini usiondoke!

Bernays alifanya kazi hiyo kwa kumuuliza daktari mmoja. Hawa wa leo wanakuuliza wewe mwenyewe, mchana na usiku, na unawajibu bila kujua kuwa umeulizwa.

Maarifa yale yale, ndugu yangu! Mwaka ule ule! Frankfurt waliyatumia kumuuliza mtu kwa nini anaipenda fimbo. New York waliyatumia kumwashia sigara. Na Bernays mwenyewe, katika kumbukumbu zake za mwaka 1965, alieleza kwamba mwandishi wa habari aliyefika kwa Joseph Goebbels alimwambia kuwa waziri yule wa propaganda wa Hitler alikuwa akikitumia kitabu cha Bernays. Goebbels, adui mkubwa wa Wayahudi, akijifunza kwa Myahudi mpwa wa Freud namna ya kuuongoza umati! Ndivyo ilivyo nyenzo: usipoishika wewe, ataishika atakayekutumia.

Njia ni mbili. Ama uijue nafsi yako, ama aijue mwingine akuuze. Ya tatu hakuna!

Utaniambia: nimeelewa, nitaanza. Lini?

Kujua hakutoshi! Mtazame Freud mwenyewe. Tarehe 10 Mei 1933 vitabu vyake vilichomwa moto Berlin. Akabaki Vienna. Marafiki wakamsihi aondoke. Akabaki. Wanafunzi wake wakahama mmoja mmoja. Akabaki. Mtu aliyeufundisha ulimwengu jinsi binadamu anavyokataa kuona kilicho mbele ya macho yake, alibaki mpaka Machi 1938, jeshi la Hitler lilipoingia Austria.

Siku kumi baadaye Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, walimchukua binti yake, Anna, wakamhoji kutwa nzima. Ndipo akakubali. Akaondoka Juni akiwa mzee wa miaka 82, mgonjwa wa saratani, akafa London Septemba 1939. Dada zake wanne wazee walibaki nyuma. Wote wanne waliangamia mikononi mwa Wanazi.

Simlaumu Freud, aliyewaua ndiye mwenye hatia. Lakini jifunze! Horkheimer alifungua tawi la Taasisi huko Geneva mwaka 1931, akahamishia fedha zake nje ya Ujerumani, na polisi walipoifunga Taasisi Machi 1933 wengi wa watu wake walikuwa na mahali pa kukimbilia, Geneva kwanza kisha New York. Walisoma dalili. Wakaziamini. Wakatenda. Hicho ndicho kilichowaokoa.

Wewe umesoma dalili ngapi mwaka huu? Umeziamini ngapi? Umeitendea kazi ipi?

Nakupa maswali matatu. Yachukue leo.

Swali la kwanza: hasira hii ni ya nani?

Mwaka 1950 Adorno na wenzake wa Berkeley walitoa kitabu kikubwa kuhusu mtu anayependa ubabe. Walionesha jinsi mtoto aliyelelewa kwa hofu anavyojifunza kumheshimu anayemuumiza. Hawezi kumchukia baba, hawezi kumchukia mwalimu, hawezi kumchukia mkubwa. Lakini chuki ipo, nayo inatafuta pa kutokea. Inatokea kwa mnyonge: kwa mgeni, kwa mkimbizi, kwa mtu wa kabila jingine, kwa mke, kwa mtoto!

Kwa hiyo ukiona chuki inakupanda dhidi ya mtu asiyekuwa na uwezo wa kukudhuru, simama! Uliza: ni nani aliyenidhuru nikaogopa kumtazama? Umemwonea jirani kwa kosa la nani? Umemchapa mwanafunzi kwa kosa la nani? Umemtukana mwanamke yule sokoni kwa kosa la nani?

Swali la pili: hamu hii imetoka wapi?

Kabla hujanunua, kabla hujakopa, kabla hujabeti, tulia uiulize hamu yenyewe. Ilianza lini? Ilianza baada ya kuona nini? Nani anapata fedha ukiitii? Na chini yake kuna kiu gani ya kweli inayolia? Mara nyingi utakuta kiu ile hainunuliki. Unataka kusikilizwa. Unataka mshahara wa haki. Unataka kuheshimiwa bila kujipamba. Haya hayauzwi dukani. Haya hudaiwa, hujengwa, hupiganiwa pamoja na wengine!

Swali la tatu: utii huu unanikinga na nini?

Mwaka 1941 Fromm alieleza kwamba uhuru humtisha mtu aliye mpweke, naye huukimbia kwa njia tatu: hujikabidhi kwa mwenye nguvu, huvunja asichokiweza, au huwa kama kila mtu mpaka asionekane tena. Jiangalie! Umejikabidhi kwa nani? Unavunja nini? Unamuiga nani?

Na Anna Freud, miaka miwili kabla Gestapo hawajamchukua, alikuwa ameandika kwamba mtu aliyetishwa huweza kujivika sura ya anayemtisha, asiogope tena. Hapo ndipo unapozaliwa uchawa! Yule anayemsifu mkubwa kupita kiasi, anayewatukana wakosoaji kwa niaba yake, anayecheka kabla mkubwa hajamaliza utani, ndani yake kuna mtoto aliyeogopa. Anajiona mwenye nguvu kwa sababu amejibanza kwenye nguvu. Mkubwa akianguka, naye amekwisha.

Usimcheke. Uliza ni siku gani na wewe ulifanya vivyo hivyo!

Hapa najua utakalolisema. Utasema haya ni ya Wazungu, yametoka Vienna na Frankfurt, sisi tuna yetu.

Basi msikilize mtoto wa Martinique, wa ukoo wa watumwa, Frantz Fanon!

Fanon alikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Mwaka 1952 alitoa kitabu kuhusu mtu mweusi anayejiona kwa macho ya mweupe, akaonesha kwamba ugonjwa ule haukuanzia ndani ya mgonjwa. Ulianzia shambani kwa mkoloni, ukaingia shuleni, ukaingia kitandani, ukaingia kwenye kioo. Mwaka 1953 akapewa kazi katika hospitali ya Blida, Algeria. Aliwatibu walioteswa. Na waliotesa nao wakaja! Aliandika habari za polisi Mzungu aliyewatesa wafungwa kazini mpaka akaanza kuwapiga mkewe na watoto wake. Polisi yule hakuomba msaada wa kuacha. Aliomba asaidiwe aendelee kutesa bila kusumbuliwa na dhamiri!

Lisome tena hilo. Huyo ndiye anayetafuta amani ya moyo bila kugeuka. Nawe je? Unaomba uponyaji, au unaomba uzoee?

Fanon alijiuzulu mwaka 1956, akafukuzwa Algeria, akajiunga na wapigania uhuru. Maana alitambua kwamba huwezi kumtibu mtu halafu ukamrudisha katika nyumba ile ile iliyomuumiza.

Na usidhani ugomvi huu ulikuwa mbali nasi. J. C. Carothers, daktari aliyeiongoza Hospitali ya Mathari, Nairobi, alidai kwamba ubongo wa Mwafrika hufanya kazi kama wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ya Kenya ikachapisha ripoti yake kuhusu Mau Mau. Watu walioporwa ardhi wakaambiwa shida yao ni ya akili! Walidai shamba, wakapewa jina la ugonjwa. Fanon alimjibu Carothers kwa jina, hadharani, katika kitabu chake cha mwisho.

Umeona hatari? Elimu ya nafsi bila kuihoji jamii hugeuka kuwa fimbo ya mtawala. Ndiyo maana nakwambia zishike zote mbili! Anayekwambia tatizo lote liko kichwani mwako, mwogope. Anayekwambia tatizo lote liko kwa wengine, mwogope zaidi!

Kitabu hicho cha mwisho kilitoka mwaka 1961. Fanon alifariki tarehe 6 Desemba mwaka huo, akiwa na miaka 36, siku tatu kabla Tanganyika haijapandisha bendera yake. Alikuwa ameonya kwamba mkoloni anaweza kuondoka na kiti chake kikabaki, kikakaliwa na mwenyeji mwenye kiburi kile kile. Kitabu kimetafsiriwa kwa lugha yetu tangu miaka ya 1970: Viumbe Waliolaaniwa, kikatolewa Dar es Salaam na Tanzania Publishing House. Hatuwezi kusema hatukuambiwa. Tuliambiwa kwa Kiswahili!

Utasema pia: Freud alikosea mengi. Ni kweli. Aliyoyaandika kuhusu wanawake mengi yamekataliwa, na kwa haki. Watu wa Frankfurt nao walikosea. Januari 1969 wanafunzi walipoingia katika Taasisi, Adorno aliyefundisha kuhoji mabavu aliita polisi. Basi usimsujudie yeyote! Nyenzo ya uhakiki inamkata hata aliyeitengeneza, na hapo ndipo utajua kuwa ni kali.

Lakini acha kutumia makosa yao kama pango la kujifichia. Humkatai Freud kwa sababu alikosea. Unamkataa kwa sababu unaogopa swali lake!

Utasema mwisho: mimi ni mmoja, nitabadili nini?

Taifa ni watu wanaoahirisha kwa pamoja. Baada ya vita Wajerumani walijenga viwanda, walijenga barabara, walijenga nyumba, wakafanya kazi usiku na mchana. Mwaka 1967 Alexander na Margarete Mitscherlich waliandika kwamba watu wale walishindwa kuomboleza. Walimpenda Hitler kwa mamilioni, kisha wakafanya kama hawakuwahi kumjua. Ilibidi kizazi cha watoto wao kiulize: baba, ulikuwa wapi? Mama, uliona nini? Nyumba hii ilikuwa ya nani?

Kwetu pia yako makaburi yasiyotajwa, yako majina yanayosemwa kwa kunong'ona, yako mambo ambayo wazee wakiulizwa hubadilisha mazungumzo. Ukiyakalia kimya, mwanao atayabeba bila kujua anabeba nini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wetu umeshapanda mpaka darini!

Kwa hiyo geuka sasa.

Mzazi, weka fimbo chini, umwambie mwanao: hasira yangu haikuwa yako. Mwalimu, ruhusu swali linalokutia kiwewe. Kijana, funga simu saa moja kila jioni, ukae na uchungu wako mpaka ukwambie jina lake. Mwandishi, acha kusifu, anza kuuliza. Mcha Mungu, ichunguze dhamiri yako pale usipopenda ichunguzwe. Mfanyakazi, kaa na wenzako, muulizane kwa nini mnamwogopa mtu mmoja nanyi mko mia!

Usifanye peke yako. Tafuta wawili, tafuta watatu, kaeni barazani, msome, mhojiane, mkosoane bila kutukanana. Soma Fanon. Soma Fromm. Soma na wanaowapinga. Anayesoma peke yake hujidanganya kwa urahisi. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ya mgongoni huonekana vizuri kwa jicho la mwenzako.

Itauma. Nisikudanganye! Utagundua kwamba uliwapenda watu waliokudharau. Utagundua kwamba uliwadharau watu waliokupenda. Utagundua kwamba minyororo mingine uliifunga kwa mikono yako. Vumilia! Maumivu ya kujua yana mwisho. Maumivu ya kukataa kujua hurithiwa.

Wanaokuuza hawaahirishi. Wanaokutawala kwa hofu hawaahirishi. Wanaozihesabu hamu zako wameamka kabla yako leo, na watalala baada yako. Ni wewe tu unayesema kesho!

Waliojua wakangoja, mlango uliwafungia nje. Kwako bado uko wazi leo. Ingia!